Chrome inajifunga kwenye tovuti mbili tu: nipige Windows?

*"Fundi, shikamoo. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kazi yangu kubwa ni kuwajazia watu maombi ya ajira, vyuo na mikopo, kuskani vyeti na kuchapa. Natumia laptop ya mtumba, Core i3, RAM GB 4, Windows 10. Huu mwezi wa pili Chrome inanisumbua. Nikifika hatua ya kuambatisha vyeti kwenye mfumo mmoja wa maombi, ukurasa unapotea na panatokea kikaratasi chenye uso wa huzuni. Nikifungua tovuti ya ramani za viwanja, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu Chrome yote inajifunga pamoja na vichupo vingine, yaani kurasa nyingine nilizofungua. Barua pepe, magazeti na tovuti nyingine hazina shida. Nimefuta historia, nimebadilisha laini, nimeondoa Chrome na kuiweka upya, wapi! Fundi mmoja kaniambia ni virusi, dawa ni kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya. Naogopa, maana humo kuna mafaili ya wateja na nywila zao nilizohifadhi. Wiki iliyopita kijana aliyekuja kwa boti kutoka Kagunga alikaa kwangu tangu saa tatu asubuhi hadi jioni, fomu ikajifunga mara nne. Nisaidie."*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa siku hiyo. Mtu akipanda boti mpaka Kibirizi kwa ajili ya fomu moja, kila inapojifunga wewe ndiye unayeona haya, wakati kosa si lako. Nitakujibu kwa urefu, na nianze na lile unalolisubiri: usipige Windows. Bado hujafika huko, na huenda usifike kabisa.

Umenieleza jambo ambalo wateja wangu wengi hulipita. Wengi huniwekea mashine mezani wakasema "brauza inazima", basi. Wewe umesema kwenye fomu unakufa ukurasa mmoja na uso wa huzuni unatokea, lakini kwenye ramani skrini inakuwa nyeusi na Chrome nzima inaondoka. Hayo ni magonjwa mawili kwenye mwili mmoja. Ndiyo maana kila dawa uliyojaribu imegoma, kwa kuwa ulikuwa unatafuta dawa moja.

Tuondoe kwanza yasiyohusika. Laini yako haina hatia. Mtandao ukiwa mbovu ukurasa huchelewa, hufunguka nusu, au Chrome hukuletea kile kidinosaria cha kusema hakuna intaneti. Mtandao mbovu hauui kivinjari. Historia nayo ni orodha tu ya ulikopita, na kuifuta hakuondoi mzigo wowote wa maana. Kuhusu virusi sitakukatalia moja kwa moja, kwa sababu steshenari ni njia panda ya flashi za watu. Fanya ukaguzi kamili kwa kinga iliyomo ndani ya Windows yenyewe, ni bure, uiache ifanye kazi usiku. Lakini kirusi kinachoyaacha magazeti salama kikasubiri ramani ya viwanja kila mara, mimi bado sijakutana nacho.

Na kule kuondoa Chrome na kuiweka upya? Unapoiondoa, Windows huondoa programu, lakini folda yenye wasifu wako, yaani mipangilio, viendelezi (zile programu ndogo zinazoongezwa ndani ya Chrome) na data za tovuti, hubaki palepale usipoweka tiki ya kufuta data hizo. Ukiiweka upya inaokota wasifu uleule. Umebadilisha shati, mwili ni uleule. Usijilaumu, karibu kila mtu huanzia hapo.

Sasa sikiliza jinsi kivinjari kinavyojengwa, maana ukilielewa hili utajitibu hata mwakani. Zamani kivinjari kilikuwa chumba kimoja: ukurasa mmoja ukianguka, vyote vinaanguka. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na utaratibu wa kugawa kazi, na mwaka 2018, kuanzia toleo la 67, kwenye kompyuta kila tovuti ikapewa mahali pake pa peke yake, hasa kwa sababu za usalama. Ifikirie kama nyumba ya kupanga yenye vyumba sita. Kila tovuti ni mpangaji na chumba chake. Mpangaji akizimia chumbani, jirani anaendelea kupika. Huo ndio uso wa huzuni: chumba kimoja kimekufa, nyumba ipo. Lakini nyumba ina meta moja ya umeme. Ikipiga shoti pale, vyumba vyote vinaingia giza. Kwenye kivinjari, mojawapo ya vitu vinavyotumiwa na wapangaji wote ni sehemu inayochora picha kwenye skrini kwa msaada wa chipu ya grafiksi. Sehemu hiyo ikianguka, skrini hupepesa nyeusi. Chrome hujaribu kuiinua tena, na ikishindwa huweza kuondoka yote.

Kwa hiyo fomu yako inaua chumba. Ramani inachoma meta.

Tuanze na fomu, kwa sababu ndiyo inayokulisha. Unaposema inakufa hatua ya kuambatisha, mimi naangalia kitu kimoja kabla ya vyote: ukubwa wa picha unazoweka. Na hapa watu wengi hudanganywa na namba inayoonekana kwenye faili. Cheti kilichopigwa picha kwa simu ya megapikseli 12 huonekana faili la MB 3 au 4, ukasema hilo ni dogo. Hiyo ni picha iliyokunjwa. Kivinjari kikitaka kukuonyesha kipicha cha cheti kwenye fomu, lazima kwanza kiikunjue: nukta 4,000 kwa 3,000 ni nukta milioni 12, na kila nukta inachukua baiti 4. Jumla MB 48 kwa cheti kimoja. Mwombaji mwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, na matokeo yake, na barua, na picha ndogo, na kitambulisho, anaingiza vitu vinane. Hapo unazungumzia karibu MB 400 kwa ukurasa mmoja, na baadhi ya mifumo hushika nakala zaidi ya moja ya picha ileile.

Skana nayo ina mtego wake. Nenda kaangalie imewekwa nukta ngapi kwa inchi. Naona mashine nyingi zimeachwa kwenye 600, mtu akidhani ndiyo ubora. Karatasi ya A4 kwa 600 ina nukta karibu milioni 35, ikikunjuliwa ni kama MB 139. Karatasi hiyohiyo kwa 200 haifiki MB 16. Ni mara tisa! Na kwa 200 cheti kinasomeka vizuri, muhuri unaonekana, jina halina ukungu. Weka 200 kuanzia leo. Vyeti vinavyokuja kwa simu, mwambie mteja atume kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp, maana huko hupunguzwa. Vinavyotumwa kama dokumenti hubaki na ukubwa wake wote. Kwanza fungua uone kama maandishi madogo yanasomeka. Yakiwa na ukungu, punguza mwenyewe kwa programu ya picha hadi upana wa nukta 1,600 hivi.

Mashine yako ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4, na Windows 10 ikishawaka tu hula sehemu kubwa ya hizo. Kinachobaki Chrome inagawana na kila ulichofungua. Na najua steshenari ilivyo: WhatsApp ya wateja iko wazi kichupo cha kwanza, muziki kichupo cha pili, barua pepe ya tatu, na fomu mbili za watu waliosema "nakuja sasa hivi" tangu asubuhi. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc pamoja. Itatokea orodha ya vichupo na kumbukumbu inayoliwa na kila kimoja. Iache wazi pembeni, ambatisha cheti kimoja, utazame namba ya kichupo cha fomu. Ikiruka kwa mamia ya MB kila cheti, halafu uso wa huzuni ukaja, umemkamata mwizi. Chini ya ule uso kuna maandishi madogo pia, msimbo wa hitilafu. Wengi hawayasomi. Ukikuta Out of Memory, ni kumbukumbu imeisha. Ukikuta STATUS_ACCESS_VIOLATION, programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa, na hapo mshukiwa ni kiendelezi, kinga ya virusi au RAM yenyewe. Upige picha kwa simu kila mara unapotokea.

Angalia pia diski C. Windows ikiishiwa RAM huazima nafasi kwenye diski, na diski ikiwa imejaa haina pa kuazima. Kama imebaki na GB 2 au 3, hamisha skani za miaka iliyopita kwenda diski ya nje, ubakize walau GB 15 wazi. Nimeona mashine mbili tatu zikipona kwa hilo peke yake.

Ramani sasa. Tovuti za ramani hazikuletei picha iliyokwisha chorwa. Nyingi hukuletea vipande na maelekezo, kisha kuiagiza chipu ya grafiksi ya mashine yako ichore papo hapo, ndiyo maana unaweza kuikuza na kuizungusha. Magazeti hayaombi kazi nzito kama hiyo. Barua pepe vilevile. Chipu inapokea maagizo kupitia draiva, yaani programu inayoiunganisha na Windows, na laptop ya mtumba mara nyingi ina draiva ya zamani, au ile ya jumla iliyowekwa na aliyepiga Windows kabla hujainunua. Wakati mwingine ni kinyume chake: Windows imejisasisha usiku ikaleta draiva mpya isiyopatana na chipu ya zamani. Umesema tatizo lina miezi miwili. Jiulize kama kuna siku mashine ilijisasisha kwa muda mrefu karibu na wakati huo.

Kipimo chake kinachukua dakika mbili. Fungua mipangilio ya Chrome, sehemu ya mfumo, uzime kile kitufe cha kutumia grafiksi kuongeza kasi. Chrome itaomba ijifungue upya, ikubalie. Kisha rudi kwenye ramani. Ikifunguka, hata kama inakokota, tumepata. Unaweza kubaki hivyo. Gharama yake ni kwamba video zitakuwa nzito kidogo na feni itaunguruma zaidi, kwa sababu kazi ya kuchora imerudi kwa prosesa. Ukitaka kutibu kabisa, pakua draiva ya grafiksi kutoka tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptop au chipu, kwa modeli yako hasa. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, Windows ina njia ya kurudisha draiva iliyotangulia. Tafadhali usipakue zile programu za "kusasisha draiva zote bure" zinazojitangaza pembeni. Nyingi ni mlango wa matatizo unayoyakimbia.

Iwapo vipimo hivi viwili havikutoa jibu, kuna vya haraka. Bonyeza Ctrl, Shift na N, ufungue tovuti korofi katika dirisha fiche, ambako viendelezi kwa kawaida havifanyi kazi. Isipoanguka humo, rudi kwenye dirisha la kawaida uzime viendelezi vyote, kisha washa kimoja baada ya kingine. Nikikagua mashine za watu, vizuia matangazo viwili vilivyowekwa pamoja na vipakuzi vya video ndivyo ninavyovikuta mara kwa mara. Jaribu vilevile kutengeneza wasifu mpya ndani ya Chrome, kwa sababu umeme ukikatika ghafla na laptop haitunzi chaji, mafaili ya wasifu huweza kuharibika nusunusu. Na kama ni tovuti moja tu, bonyeza ile alama iliyo kushoto mwa anwani, ufute data za tovuti hiyo peke yake. Huna haja ya kufagia za wote na kujitoa kila mahali ulipoingia.

Watu hupenda kujaribu kivinjari kingine, na ni jambo zuri, ila chagua vizuri. Edge, Opera na Brave zina injini, yaani sehemu inayosoma na kuonyesha kurasa, ileile ya Chrome ndani. Fomu ikikataa Chrome ikakubali Edge, umejua kwamba shida huenda ni wasifu au viendelezi vyako, lakini injini hujaipima. Firefox ina injini yake. Iweke, uifungulie fomu hiyohiyo na vyeti vilevile. Kisha mwombe jirani mwenye mashine tofauti ajaribu pia. Ikianguka kwake, kwako, kwenye Firefox na kwenye Chrome, kosa liko kwenye tovuti, na cha kufanya ni kuwaandikia wenye mfumo ukitaja hatua, saa, kivinjari na toleo lake, ukiambatisha ile picha ya msimbo. Yapo hayo. Machi 2021 programu nyingi za simu za Android zilikuwa zinajifunga zenyewe kwa sababu ya sasisho bovu la WebView, kile kipande cha mfumo kinachoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine. Dawa ilikuwa kusasisha tu.

Nikuonye kuhusu jambo moja utakalokutana nalo kwenye video za mafundi wa mitandaoni. Wapo wanaofundisha kuongeza maneno ya kuzima ulinzi wa ndani wa Chrome, ule unaozuia ukurasa usiingie kwenye mafaili ya mashine, wakisema kuanguka kutaisha. Usithubutu. Wewe unashika vyeti na namba za vitambulisho vya watu. Na hapohapo nikuombe, kwa upendo kabisa: acha kuhifadhi nywila za wateja kwenye Chrome yako. Mteja aandike mwenyewe kwenye daftari lake au simu yake, wewe ukimaliza kumjazia umtoe. Fomu za watu zijazie kwenye wasifu wa mgeni, ambao ukifungwa haubakizi kitu.

Mashine yako inahitaji mikono ya fundi lini? Ikiwa inazima yote au inaleta skrini ya buluu, si Chrome peke yake. Ikiwa inaanguka kwenye tovuti tofauti kila siku bila mpangilio. Ikiwa ya moto kiasi cha kukuunguza kiganja, au diski inagonga. Kabla ya kuipeleka, andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, uruhusu mashine ijiwashe upya ipime RAM. Ikileta taarifa ya hitilafu, fundi abadilishe RAM kwanza. Miaka kadhaa nyuma nilimpigia Windows mwalimu mmoja wa Kasulu aliyekuwa na dalili kama hizo. Akarudi nyumbani kwa basi, kesho yake akapiga simu: hali ileile. Alipoileta tena nikapima RAM, nikakuta mbovu. Alipoteza nauli mara mbili, na maandalio ya masomo ambayo hakuwa na nakala yake. Tangu siku hiyo sipigi Windows ya mtu kabla ya kupima RAM na diski.

Hata RAM ikiwa nzima, kwa kazi yako ningeongeza zifike GB 8. Ni faida utakayoiona siku hiyohiyo, kuliko kununua mashine nyingine ya mtumba. Nenda nayo dukani wafungue mbele yako, kwa sababu za miaka ya nyuma hutumia DDR3 na zilizofuata DDR4, haziingiliani, na baadhi ya modeli RAM imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki. Ujue pia kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo silo linaloangusha Chrome yako, lakini ukifikia kununua mashine, uliza kama inakubali Windows 11.

Leo ukishafunga duka, wakati hakuna mteja anayekutazama, anza na ramani: zima ile ya grafiksi, jaribu, andika kilichotokea. Kesho asubuhi weka skana kwenye 200, uambatishe vyeti vinane vya majaribio. Fomu ikianguka tena, ndipo ufunge WhatsApp na muziki, ujaribu upya. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, maana hutajua kipi kimetibu. Na nakili mafaili yote ya wateja kwenye diski ya nje kabla ya kumkabidhi mtu yeyote laptop hiyo, hata akiwa mimi.